Kisu Alichonyimwa Amoni

Ferista Nzunda hakupendwa pale Ihanda, wala hakuomba kupendwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuwakatisha watu maneno, na kiunoni, ndani ya pindo la kaniki yake, alibeba kisu ambacho jirani zake walisema si chake. Yeye alisema ni chake, na aliyetaka kubishana alikaribishwa aje wabishane. Wachache walikuja. Hakuna aliyekuja mara mbili.

Kilikuwa kisu cha kukunja. Mhunzi wa palepale Ihanda alikifua kutokana na kipande cha jembe kuukuu, na mpini wake ulikuwa wa pembe ya ng'ombe, umechimbwa mfereji ili chuma kilale ndani. Hakikuwa na springi kama visu vya madukani Mlowo. Kilishikwa na msumari mmoja uliogongwa kichwa pande zote mbili, na kilipofunguliwa kilitoa mlio mdogo mkavu ambao mbwa wa mji ule waliujua, wakaja mbio wakitumaini kutupiwa ngozi ya nyama. Danford, mume wa Ferista, alikibeba tangu ujana wake mpaka siku alipokufa.

Danford alikufa kwa nimonia, mwaka vita vya pili vya Wazungu vilipokwisha. Alimwacha mkewe, binti mmoja mdogo aitwaye Leah, nyumba ya matofali mabichi, na shamba la kahawa ambalo ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kuzaa. Laiti angeacha magugu matupu, Ferista angeombolezewa, angepewa pole, na kusahauliwa. Hakuna mtu anayegombea mjane wa magugu.

Sasa, katika ukoo wa akina Danford ilikuwapo desturi. Matanga yakiisha, vyombo vya marehemu vilitandazwa juu ya ngozi ya ng'ombe mbele ya wazee. Shoka lilikwenda kwa huyu, mundu kwa yule, mkuki kwa mwingine. Kisu kilitolewa mwisho, na aliyekipokea alikuwa amepokea na mjane, na watoto, na mashamba. Lakini ilikuwa lazima mjane akitoe kwa mkono wake mwenyewe. Kisu cha kunyang'anywa au kuibwa hakikurithisha hata kuku. Walioweka desturi hiyo labda walitaka mjane awe na kauli. Kama ndivyo, kauli yenyewe ilikuwa imeota kutu, maana hakuna mzee aliyekumbuka mjane yeyote aliyewahi kukataa.

Siku ya kugawa vyombo vya Danford, mdogo wake Amoni aliketi mbele kabisa akiwa amekwisha kunyoosha mikono. Alikuwa mtu mfupi, mzuri wa sura, mwimbaji wa besi kanisani, na mke alikuwa naye tayari. Shamba lake mwenyewe lilikuwa limemezwa na magugu hadi sungura walizalia humo. Mzee Boazi, mkubwa wa ukoo, alipomaliza kugawa mkuki alimgeukia Ferista.

"Mama Leah, kisu."

Ferista alikitoa kiunoni, akakifungua. Pembeni yake palikuwa na ungo wa viazi vya kuchemsha walivyoletewa waombolezaji. Akachukua kiazi kimoja, akakimenya polepole, akakata kipande, akala. Watu wakamtazama anavyotafuna.

"Bado nakitumia," akasema. Akakikunja, akakirudisha kiunoni.

Hivyo ndivyo uadui ulivyoanza, na ulikuwa uadui wa kweli, wa kila siku, unaoamka kabla ya jogoo. Amoni alimshtaki kwa jumbe. Jumbe aliuliza kisu chenyewe kina urefu gani, akaonyeshwa kidole, akawafukuza wote wawili akisema baraza lake lina kesi za ng'ombe. Mchungaji alisema ni dhambi mwenye mke kumrithi mjane. Wazee wakamsikiliza kwa heshima zote, wakasema mchungaji amesema kweli, huko kanisani. Basi mambo yakabaki palepale. Amoni hakuweza kumchukua Ferista pasipo kisu, na Ferista hakuweza kulala akasahau mlango, maana nyumba zao zilitazamana na uwanja kati yake ulikuwa mmoja.

Alichoweza Amoni ni kumsumbua, na kwa kazi hiyo hakuwa mvivu hata kidogo. Mbuzi wake waliingia katika maharage ya Ferista kila maharage yalipotoa maua. Njia ya kwenda mtoni ilizibwa kwa miiba usiku mmoja, na asubuhi hakuna aliyejua nani kaiziba. Watoto wake walikatazwa kumwamkia. Kwenye pombe ya ulezi, aliyoinywa kwa kujificha kwa sababu ya kwaya, alipenda kusema, "Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lakini ya kwetu anakula mwanamke." Wenzake walicheka, na kicheko kilimfikia Ferista kabla pombe haijaisha mtungini.

Mkewe, Loisi, naye alikuwa na yake. Alimchukia Ferista kwa kumkataa mumewe, kana kwamba mumewe ni wa kukataliwa, na angemchukia zaidi kama angekubali. Mtu wa namna hiyo humridhishi. Ferista hakujaribu.

Yeye silaha yake ilikuwa moja: alikitumia kisu. Alikitumia kila siku, kwa kila kitu, na alikitumia mahali pa kuonekana. Asubuhi alikata machipukizi ya kahawa yaliyonyonya mti bure. Alichana maganda ya mgomba akapata kamba za kufungia kuni. Alikata mche wa sabuni vipande, akamtoa Leah funza miguuni, akakata kitovu cha mwanambuzi, akachonga mwiko, akamenya maboga. Amoni akipita, hata kama kazi imekwisha, alikifungua tena akakwangua chochote kilichokuwa karibu. Siku moja kanisani, Amoni aliposimama kuimba peke yake sehemu ya besi, mlio ule mdogo mkavu ulisikika kwenye benchi la wanawake. Ferista alikuwa anakata kucha.

Na jioni alikinoa. Alikuwa na jiwe lake la mtoni kando ya kizingiti, alilimwagia maji, akasugua, na Amoni akiwa kwake ng'ambo ya uwanja alilazimika kusikiliza mpaka aingie ndani afunge mlango.

Kuna mwaka mmoja kahawa ilizaa hadi matawi yakainama. Amoni akaingia shambani na kikapu asubuhi na mapema, akaanza kuchuma kama mtu aliye kwake. Ferista alimkuta amekwisha kujaza nusu. Hakupiga kelele. Alisimama nyuma yake, akafungua kisu.

"Shemeji," akasema, "mkono huo unao wa akiba?"

Amoni aligeuka, akamwona uso, akaweka kikapu chini. Alipofika kwake alisema kwamba yule mwanamke ni mchawi, na kisu kile hakikati viazi tu. Maneno hayo yalitembea mpaka Mlowo. Ferista alipoyasikia alifurahi, kwa kuwa tangu hapo mbuzi hawakuingia tena katika maharage.

Usidhani hakuumia. Aliumia sana. Alikuwa na hofu kwamba siku moja ataugua, au atachoka, au atakosa chakula, na mkono wake wenyewe utatoa kisu. Alimjua Amoni. Alijua kahawa ya Danford ingepaliliwa na nani na ingeliwa na nani, na yeye angelala wapi, na Loisi angemwambia nini kila asubuhi. Alimpenda Danford, na hata kama asingempenda, asingekubali kuhesabiwa pamoja na mundu na mkuki. Alilala na kisu chini ya shavu. Leah alikua akimwona mama yake hivyo, na hakumjua mama mwingine.

Lakini chuma kinacholiwa na jiwe kila jioni hakibaki kilivyokuwa. Kisu kilikonda. Miaka ilivyopita kikawa chembamba kama jani la mwanzi, na siku moja Leah, msichana mkubwa sasa, alikuwa anamenya boga akasimama ghafla.

"Mama, kisu kina ufa."

Ferista alikitwaa, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Ufa ulikuwa pale shinani, karibu na msumari, mwembamba kama unywele, umevuka nusu ya upana wa chuma.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Si tumpelekee mhunzi?"

"Mhunzi nitampa kwa mkono gani, kama si huu usiotakiwa kukitoa? Amoni akisikia kimetoka mkononi mwangu, atasema nimekwisha kukitoa. Nyamaza tu, mwanangu."

Tangu siku ile alinunua kisu cha dukani, akakificha ndani kwa kazi ngumu. Cha Danford alikitoa nje tu, kwa sabuni na majani ya maboga, na bado alikinoa, ila sasa alisugua jiwe zaidi kuliko chuma. Kilichomsumbua hakikuwa ufa peke yake. Alikumbuka maneno ya mama mkwe wake, aliyekwisha kufariki, wakati wanasimuliana habari za ukoo: chuma cha marehemu kikivunjika mkononi mwa mrithi, marehemu amemkataa, na hakuna mwingine anayethubutu kunyoosha mkono tena. Kikivunjika mkononi mwa mjane ni kisu kilichovunjika tu, na wazee humpa mrithi kitu kingine badala yake. Ferista aliyageuza maneno hayo kichwani kila siku. Akawa anakibeba kisu kama mtu abebaye yai.

Mambo yangeweza kukaa hivyo hadi uzeeni, kama Leah asingependa. Alimpenda Barnaba Simfukwe, kijana Mnamwanga kutoka upande wa Tunduma, aliyekuwa akipakia magunia kwenye malori ya kahawa pale Mlowo. Hakulificha. Alirudi kutoka Mlowo akiimba, akasahau chumvi aliyotumwa, na alipogombezwa alicheka. Ferista alimpima Barnaba kwa macho, akamwuliza maswali ya ukali, akashindwa kupata kosa. Hilo lilimuudhi kidogo, lakini alikubali. Baba mkubwa wa kijana, mzee Ezron, alikuja na maneno mazuri, na mahari ikasemwa ikapita bila ugomvi. Ilibaki nyama.

Nyama ilikuwa hivi. Upande wa mume walileta mbuzi, akachinjwa uwanjani kwa mke, na mwanamume wa nyumba akalikata paja la nyuma kwenye kiungo: sehemu moja ikabaki, nyingine ikaenda na wageni. Pasipo kukatwa paja, hata mchungaji angeimba mpaka sauti imkauke, wazee wa pande zote mbili wasingesema kuna ndoa. Na Danford alikuwa kaburini.

"Nitakata mimi," alisema Amoni mbele ya mzee Boazi. "Nani mwingine? Lakini sikati kwa kisu cha dukani, kama mtu anayeuza nyama sokoni. Nitakata kwa kisu cha kaka yangu, nitakachopokea mkononi mwa mjane wake."

Ferista alimgeukia Boazi. "Baba, si ukate wewe?"

"Amoni yupo hai, mama Leah. Mimi nikate kwa nini?" Mzee hakumtazama. "Umekaa na kisu kile miaka mingi. Sasa mtoto anataka kuolewa. Utamfungia ndani kwa ajili ya kisu?"

Leah hakumwomba chochote. Alikuwa na tabia ya mama yake. Aliacha kuimba, basi, akawa anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Ferista alivumilia kumtazama kwa siku kadhaa, kisha akamwambia mbele ya kila mtu kwamba wageni waje, kisu kitatolewa.

Loisi alilia kwa hasira siku nzima. Amoni alianza kuipima kahawa kwa macho, mstari kwa mstari, kutokea kwake ng'ambo.

Ferista alikuwa amefanya hesabu yake. Kama ufa utastahimili, atakuwa mke wa pili wa mtu anayemchukia. Kama hautastahimili, atakuwa huru kwa sheria yao wenyewe, na paja litamaliziwa kwa kisu kingine, na Leah ataolewa. Hakuona mwanya katika hesabu hiyo. Alimfikiria Amoni tu, kama alivyomfikiria Amoni tu kwa miaka yote ile.

Wageni walifika jua likiwa utosini, wakaketi kwenye mikeka. Paja la mbuzi lililazwa juu ya majani ya mgomba. Leah alikuwa ndani pamoja na wanawake, amefunikwa kaniki mpya, mlango ukiwa wazi kidogo tu. Amoni alivaa koti. Alisema maneno marefu juu ya kaka yake mpendwa, na wageni wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa hawakujua lolote.

Kisha Ferista akatoka. Alipiga magoti mbele ya shemeji yake, jambo ambalo hakuna mtu Ihanda aliyetegemea kuliona, akatoa kisu kiunoni, akakitoa kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele. Amoni alikipokea, akatabasamu.

"Umechelewa, lakini umefika," akasema kwa sauti ya chini.

"Kata, shemeji. Watu wana njaa."

Kwa desturi mrithi hakujaribu kisu cha marehemu, wala hakukikagua. Kufanya hivyo kungekuwa kumshuku maiti. Amoni alikifungua, kikatoa mlio wake, akakiweka kwenye nyama. Kikapita kama kwenye siagi. Akakata mara ya pili, na ya tatu, nyama ikaachana kwa urahisi, na Ferista, akiwa bado amepiga magoti, akakumbuka jiwe lake la kizingitini. Kisu alikinoa mwenyewe. Alikinoa vizuri mno. Amoni alifika kwenye kiungo, ncha ikakwama kwenye kano, akakaza mkono, akakipindua kwa nguvu ili kiungo kifunguke.

Kikakatika. Chuma kilibaki ndani ya nyama, na Amoni akabaki na pembe mkononi.

 Mzee Boazi akainuka taratibu, akaegemea fimbo yake.

"Danford amekataa," akasema.

"Amekataa nani?" Amoni aliruka. "Kisu ni kibovu. Mwanamke huyu amekila kwa kukinoa mpaka kimekwisha."

"Mkononi mwa mwanamke huyu kilikuwa kizima miaka yote. Umekishika wewe leo. Amekataa, Amoni, yamekwisha. Usimfuate tena."

Furaha ilimpanda Ferista mpaka kooni, akauma midomo isionekane. Alimtazama shemeji yake jinsi anavyotoa jasho ndani ya koti, na akaona hajawahi kushiba namna ile maishani mwake. Akainuka ili akalete kisu cha dukani, shughuli iendelee.

"Wazee, samahani." Aliyesema ni Ezron, baba mkubwa wa kijana. Alikuwa mtu mpole, na aliuliza kwa upole. "Mmesema marehemu amekataa. Sisi ni wageni, tuelewesheni. Amekataa nini? Mambo yenu ya urithi hatuyajui. Nyama hii tumeileta sisi, ni ya ndoa ya binti yake. Kisu chake kimevunjika juu ya nyama ya ndoa ya binti yake."

 Hilo Boazi hakuwa amelifikiria. Wageni wakaanza kunong'onezana kwa Kinamwanga, na mmoja wao akausogeza mkeka wake mbali na nyama.

"Hatukuja kugombana na maiti," Ezron akaendelea. "Lakini chuma nacho ni chuma. Huenda kilikuwa na kasoro. Kama yupo anayejua kilikuwa na kasoro, na aseme, hapo litakuwa jambo la chuma tu. Tutakata kwa kingine, tutakula, tutakwenda na nyama yetu kwa furaha." Akamgeukia Ferista. "Mama, wewe ndiye uliyekibeba. Tuambie."

Watu wote wakamtazama. Amoni naye alimtazama, na Ferista aliona jinsi jambo lilivyomwingia polepole usoni na jinsi macho yake yalivyoanza kung'aa. Maana kama kisu kilikuwa kibovu, Danford hakumkataa mtu. Na kisu kilikuwa kimetolewa kwa mkono wa mjane, kwa magoti, mbele ya wazee na wageni, na vigelegele vikapigwa.

Neno moja lingetosha. Ferista aligeuza kichwa, akaona ukanda wa uso wa Leah kwenye mwanya wa mlango, kaniki imeteremka mabegani. Leah alikuwa anamtazama mdomoni. Barnaba pia, kijana wa watu, mikono imemkauka magotini. Ferista alimpenda binti yake kuliko kitu chochote kilichobaki duniani. Kisha akamwona tena Amoni, anasubiri, ulimi umepita juu ya mdomo.

"Kilikuwa kizima," akasema.

Ezron alitikisa kichwa kwa huzuni, akashukuru kwa mapokezi, akaomba ruhusa. Waliinuka mmoja mmoja, wakakunja mikeka yao, wakaiacha nyama palepale na chuma ndani yake. Barnaba aliinuka wa mwisho, na ilibidi ashikwe mkono. Amoni alivua koti, akavuka uwanja, akaingia kwake. Mzee Boazi alibaki kidogo, akasema habari ya mvua, akaondoka.

Leah alitoka wanawake walipokwisha kwenda zao. Alikuwa amevaa nguo zake za kila siku. Hakulia.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Ningeweza kutoka nikasema. Mdomo wangu ulikuwa wazi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikusubiri useme wewe."

Ferista alikaa kwenye kizingiti. "Nitawafuata Tunduma. Nitazungumza na Ezron peke yake."

"Utamwambia nini? Huo ukweli ulioumeza leo? Tunduma si mbali, mama. Ukweli utakuwa umemfikia Amoni kabla hujarudi."

  Ferista alitaka kusema kwamba alifanya hivyo ili wabaki na nyumba, wote wawili, lakini aliona Leah ameingia ndani, akamsikia anakunja mkeka. Alipotoka alikuwa nao kwapani, na sanduku lake dogo kichwani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa baba mdogo."

"Kwa Amoni? Leah, yule mtu alitaka kutula."

"Ndiyo. Na alisema mbele za watu anachotaka. Wewe uliacha nipigiwe vigelegele nikiwa chambo."  "Habari ya ufa sitamwambia. Usiwe na hofu, hatakuja kukuchukua. Lakini atakayekuja kuniposa tena, atanikuta kule."

"Nenda basi," alisema Ferista kwa ukali, kwa kuwa hakuwa na sauti nyingine aliyozoea kuitumia akiumia.

Leah alivuka uwanja. Loisi alikuwa amesimama mlangoni kwake, na kwa mara ya kwanza tangu Ferista amjue, hakusema kitu kibaya. Alimpokea msichana sanduku, akasogea pembeni, akampitisha. Ferista alibaki kwenye kizingiti cha nyumba yake, na kahawa yake nyuma yake, na hapakuwa na mtu tena Ihanda nzima aliyekuwa akimtaka.